Kichujio cha Bati

Tumerudi Pasua na masanduku matatu,
moja zipu imekufa, tumelikaza kwa mpira wa baiskeli.
Jirani akauliza: huko mmeleta nini?
Mke wangu kaleta cheti. Mimi nimeleta vigoda.
Vigoda vya plastiki, vitatu, vyekundu,
vile wanavyokalia watu wa Hanoi kando ya njia,
watu wazima na tai zao, magoti yamegusa kidevu,
wakinywa supu saa kumi na mbili asubuhi
kana kwamba supu ndiyo itakayochelewa kazini.

Miaka miwili nilikuwa mume wa mwanafunzi.
Ndeonasia akienda kusomea magonjwa ya mibuni,
mimi na watoto tulisoma mitaa:
huu wa bati tupu, ule wa kamba, ule wa majeneza.
Hapo nami, fundi seremala, nikasimama mno
nikitazama pembe zinavyoungwa bila msumari,
nikamsahau mtoto mgongoni hadi akanilowesha.

Tuligundua mambo madogo.
Kwamba fenesi ni fenesi.
Kwamba neno moja, ukilipandisha sauti au kuishusha,
ni mama, ni mche wa mpunga, ni kaburi;
na mimi, kwa ulimi wangu wa Kingoni,
nilimzika mama wa mwenye nyumba mara nyingi
kabla hajaamua kunisahihisha.

Na kwamba barabara haisubiriwi.
Pikipiki elfu, hakuna inayosimama.
Unashuka tu, polepole, usikimbie, usirudi nyuma,
nazo zinakupisha kama maji yanavyolipisha jiwe.
Aikande alilijua hilo akiwa na miaka sita.

Juzi akalifanya Double Road.
Akashuka, kichwa juu, kiganja mbele,
bodaboda ikafunga breki, abiria akamkumbatia dereva,
lori la saruji likapiga honi hadi kuku wa mtu
wakalia ndani ya tenga.
"We mtoto! Umetumwa?"
Naye, kwa upole kabisa:
"Ulitakiwa unizunguke."

Usiku nilicheka. Mchana ule nilimshika mkono
na sikuuachia mpaka mlangoni kwetu.

Jumapili tukapanda Uru, kwa mama mkwe.
Mibuni tangu yu bibi harusi,
na kabatini mwake, majani ya chai.
Kahawa ni ada ya shule, husema,
nani anakunywa ada ya shule?
Anaeli akatoa kichujio, kile cha mtaa wa bati,
akakikalisha juu ya kikombe.
Tone.
Tone.
Bibi akainama kukiangalia. "Hiki kinaumwa?"
Mjukuu hakujibu. Alikuwa anapiga kiini cha yai na sukari
mpaka kikawa povu zito la manjano,
akalimwaga juu, akampa kwa mikono miwili,
kama alivyofundishwa kule,
kama alivyokwisha kufundishwa hapa.

Akaonja. Akanyamaza.
Akageukia mlango wa jikoni, migombani,
kama mtu aliyesikia anatajwa chumba cha pili.
"Kumbe ndiyo hii," akasema.
Ndeonasia alikuwa anamenya ndizi za mtori;
kisu kikasimama.
Halafu bibi akapangusa povu mdomoni:
"Lakini yai mngempa mgonjwa."

Leo nimepita kumpelekea mbao za banda.
Kichujio kiko dirishani, kimejaa majani ya chai,
bati limeshaanza kuwa jeusi.
Yeye yuko zizini, kwenye kigoda chekundu,
magoti yamegusa kidevu, anakamua.
Hakugeuka. Maziwa yanapiga ndoo, yanapiga ndoo.
"Baba Aikande," akasema,
"vile viwili vingine umempa nani?"