Sita za Mapenzi

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko
nyuma ya stendi ya Moshi, ubavuni mwa wauza betri.
Watu huniletea muda uliokufa
umefungwa kwenye leso,
wakaniambia: fundi, ilianguka tu, haikupigwa.

Jioni nafunga mapema, naenda Ushirika
na saa ya kubonyeza, ya mshale,
aliyoiacha kwangu mwalimu mmoja wa michezo
asirudi kuichukua.
Nimeitunza kama mtoto wa kambo:
vizuri, na kwa hesabu.

Aikaruwa yuko njia ya tatu,
ya kwanza na ya pili zimeliwa na masika.
Njumu zake ni za mtumba, za Memoria,
saizi moja zaidi; kwenye ncha nimejaza pamba.
Ana miaka kumi na saba.
Anainama, nyonga zinapanda,
na mimi kule mwisho wa chokaa
nangoja mkono wa mdogo wake ushuke.

Timu ya taifa ya kupokezana vijiti
inataka wanne.
Koplo Kabula wa jeshi, huyo hana mjadala.
Raya na Hidaya wa Unguja
wanakimbia kama waliotoka tumbo moja.
Imebaki nafasi moja, na watano wanaigombea:
wa Babati ana miguu,
wa Kigoma, wanasema, ana shangazi kwenye kamati,
wawili siwajui,
na wa tano ananiita baba
na bado ananidai viatu.

Mama yake aliuliza kama kuna posho.
Ni swali la haki. Sikuwa na jibu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wazazi wengi hawalijui.
Saa ya mkono inadanganya.
Jicho likiona, kidole kinachelewa kuianzisha,
na mwisho kinawahi kuisimamisha,
kwa hiyo wenye mashine huongeza
ishirini na nne za mia ya sekunde,
ndipo waamini.
Mimi naongeza ishirini na nne,
kisha naongeza sita.

"Sita za nini?"
Aliuliza ameshika magoti, jasho likidondokea majani.
Za mapenzi, nikamwambia.
Kidole cha baba kinawahi zaidi ya vidole vingine.
Akanuna hadi Majengo.
"Baba wa wenzangu wanawaongezea nauli,
wangu ananiongezea muda."

Lakini njoo umwone akipokea.
Kijiti tulikikata kwenye bomba la maji, nikakipiga msasa.
Kundaeli anamjia mbio kutoka kwenye kona,
anapaza sauti: Shika!
naye tayari ameshaondoka,
mkono nyuma, kiganja wazi,
hageuki.
Hata siku ile dogo alipojikwaa
kile kiganja kilingoja hewani, hakikutetemeka,
kama mtu anayejua deni lake litalipwa.
Kocha alikohoa, akasema,
wenye mbio wako wengi, wenye mkono nawahesabu.
Halafu akaangalia daftari lake
na hakuandika kitu.

Kwa hiyo nafasi yake ni ipi?
Wateja wananiuliza, wakingoja kifuniko kirudi.
Nawaambia saa yako tayari, elfu tatu.

Jumamosi watapimwa Arusha, kwa mashine
isiyo na binti.

Jana ilikuwa mara ya mwisho. Giza lilishaanza,
mtunza uwanja akichezesha funguo makusudi.
Alikimbia. Nilibonyeza.
"Leo usiongeze," akasema. "Nipe ilivyo."
Nikampa ilivyo: kumi na mbili kamili.

Kundaeli akarusha kijiti juu, akapiga vigelegele kama wanawake.
Yeye hakuruka.
Alikaa chini kwenye majani mabichi, akaanza kufungua kamba za njumu,
na kwa mwanga uliobaki nikaona midomo yake inajumlisha,
ishirini na nne,
kisha, polepole,
sita.