Usiku wa Manane, Waltham

"Simamisha," asema Bi Léontine Arsenault,
nami nabonyeza rimoti.
Theluji inapapasa dirisha la Mtaa wa Moody,
chai yake imeota ngozi,
na ndani ya televisheni
bwana mwenye kofia ameganda, mkono hewani,
uongo ukiwa bado nusu mdomoni.

Hautazami uso wake. Hana habari na nyuso.
Anatazama kifundo cha mkono.
"Mraba, pembe zimekatwa, mkanda wa ngozi ya mamba.
Akrabu moja penye kumi, nyingine penye mbili,
imesimama, kama zile za dirishani dukani.
Wamemwazima asubuhi, ataivua jioni.
Endelea."

Alikuwa na miaka kumi na saba alipoingia kiwandani,
matofali mekundu kando ya Mto Charles,
benchi refu chini ya madirisha,
na kibano, na pumzi iliyobanwa,
akipachika unywele wa chuma
mwembamba kuliko unyusi wa mtoto.
Ukipiga chafya, anasema, umepiga chafya mshahara wa asubuhi.
Miaka miwili tu, kisha milango ikafungwa.
Siku hizi mle wamepanga watu.
Niliuliza kodi, nikaaga.
Mimi hulipwa kwa saa.
Saa ya kulipwa, saa ya mkono, saa ya ukutani:
kwetu ni neno moja, na bado halinitoshi.

Daftari lake lina wapelelezi kumi na mmoja,
wajane wanne, rubani, padri wa bandia.
Majina hayamo.
Imo mikanda, zimo tarakimu,
na nani alisahau kutia ufunguo.

Tunafika kwenye garimoshi.
Mwenye kofia anamtorosha mke wa mtu,
anamwambia, "Lala, ni usiku wa manane"
(ndivyo ninavyomsikia mimi, kichwani mwangu),
na mchukuzi mweusi anapita na masanduku mawili,
anapita tu, kiasi cha kupepesa jicho.

"Simamisha! Rudi. Rudi tena. Hapo."

Mkono wa shati umepanda.
Saa ya mviringo, nene, na juu ya kioo
wavu wa chuma kama dirisha la mahabusu.
Bi Léontine anavua miwani, anabana lenzi jichoni,
anapiga magoti na miaka yake themanini na minane
mpaka pua inakaribia kugusa picha.

"Ya vita. Vile vya kwanza, vya mahandaki.
Studio haihangaiki kumtafutia mchukuzi saa.
Hii ni yake. Alikuja nayo kazini."
Kisha, polepole: "Na tazama, inakwenda."

Kweli. Naisogeza picha mbele, chembe kwa chembe,
na akrabu ndogo kabisa inatambaa.
Sekunde tatu za mtu. Zimo mle. Zinakwenda.

"Lakini wamekosea," anacheka, bado yuko sakafuni.
"Usiku gani huu? Fupi imeipita mbili, ndefu iko nne.
Hapo ni mchana, wametoka kula,
na nje ya ukuta ule jua linawaka."

Nikamwambia: kwetu fupi ikiwa penye mbili
tunasema saa nane.
Na usiku ukikomaa, ukakosa hata mbwa wa kubweka,
tunauita wa manane, wa nane zake zote.
Nane ya mchana mle studioni, nane ya usiku mle garini.
Mchukuzi hakukosea popote.

Akanitazama kama saa asiyoitambua.
Kisha akanisukumia daftari.
"Andika wewe. Kwa lugha hiyo."

Niliandika: Mchukuzi. Jina halikutajwa,
tulisubiri mpaka orodha ikaisha na kioo kikawa kiza.
Saa ya mahandaki, wavu wa chuma, ufa upande wa tisa.
Inakwenda.
Saa nane na dakika ishirini.

Vidonge vyake vya saa nne nikampa kwa kuchelewa.