Kichwa Juu ya Ngao

Kanisani Ludlow, mwezi wa pili.
Hita moja, vidole kumi vinaigombania.

Nimepanda ngazi kusafisha nembo ya ukoo wa Pellingate:
simba mwenye ulimi mwekundu,
na wanaume wawili wa mwituni,
majani kiunoni, rungu begani,
wameishika ngao miaka mia tatu
wala haijawakinga wao hata siku moja.

Juu kabisa, kichwa.
Cheusi. Kimekatwa shingoni, kimefungwa kitambaa,
hereni moja ya dhahabu.

Bibi Rosalind, wa mwisho wa jina hilo,
ananiambia kutoka chini: ni ushujaa,
babu yetu alipokuwa vitani.
Simba ni nguvu. Rungu ni uaminifu.
Kila kitu hapa ni kitu kingine.
Nauliza: na huyu, aliitwa nani?
Anatafuta miwani.

Nachovya pamba. Vanishi inatoka
kahawia, kama chai ya mkandaa.
Macho yaliyofumbwa yanalainika,
kope zinabanduka, kazi ya mkono wa baadaye,
na chini yake yako wazi,
yanatazama pembeni, kwenye jina la ukoo,
kama mdai aliyefika mapema.

"Lazima yawe wazi?"
"Ndivyo alivyochorwa, mama."

Nyeusi ya kopo haikulingana.
Nikachanganya kahawia, tone la nyekundu,
nikaijaribu kifundoni mwa mkono,
nikapaka.

Jioni, kwenye sinki nyuma ya madhabahu,
nilisugua kwa sabuni, nikasugua,
nisijue rangi imeishia wapi.