Kisigino

Mstari si ukingo wa ndani, Solveig.
Mstari wenyewe ni nje.

Ulisimama kama nguzo ya ua:
kifua mbele, mikono juu, macho hayapepesi.
Ulimwahi. Nakiri, ulimwahi.
Alipokuvaa mkaanguka pamoja,
ukumbi mzima ukanyanyuka,
mabuti ya theluji yakapiga mbao:
kamgonga! kamgonga!

Mimi macho yalikuwa chini.
Kisigino chako cha kushoto
kimekanyaga rangi nyeusi, upana wa vidole vitatu,
na mlinzi aliye nje hana mahali.
Hata awe jiwe. Hata awe amefika jana.

Nikapuliza. Mikono kiunoni.
Kosa lako, na lilikuwa la tano.

Sheria ni msumeno, sawa,
ila anayeushika ana vidole.
Baba yako, fundi wa trekta langu,
alinipita mlangoni kama anapita koti lililotundikwa.

Huku nje, Dakota Kaskazini, digrii ishirini chini ya sifuri,
maegesho yamefunikwa, hakuna mstari hata mmoja.
Kila mtu ameegesha anavyotaka.
Nami, mzee mzima, filimbi ingali shingoni,
naparuza theluji kwa kiatu
kando ya gurudumu langu.