Mistari Kumi na Mmoja

Uliniachia gari na karatasi.
Gari ni Saab ya rangi ya haradali,
karatasi ina mistari kumi na mmoja
kwa mwandiko wako ule wa kuinamia kushoto.
"Ni majira mawili tu, Orvokki," ulisema,
ukaenda zako migodini, Australia,
ambako Desemba watu huvua mashati.

Hii ni Oktoba ya saba.

Jana dimbwi la mlangoni liliota ngozi ya barafu.
Nikaipasua kwa kisigino, nikajua: ni wiki hii.

Nimejaza tangi hadi shingoni,
maana tangi lenye nafasi hunywa unyevu,
na unyevu huzaa kutu. Mstari wa pili.
Oili ya zamani imetoka nyeusi kama kahawa ya msibani.
Nimelirudisha kinyumenyume ndani ya zizi
ambamo ng'ombe wa baba walikuwa wakitafuna gizani.
Majina yao yangalipo, kwa chaki, juu ya vihori:
Mansikki, Omena, Heluna.
Gari lako linalala pa Heluna.

Nimelipandisha juu ya magogo manne,
tairi zisije zikapata vidonda
kama mgonjwa asiyegeuzwa kitandani.
Nimelifunika kwa shuka za mama, si kwa nailoni.
Taisto alizima trekta lake, akasimama mlangoni,
mikono mifukoni:
"Nailoni ni ya maiti. Kilicho hai hutoka jasho."
Akaondoka. Kwa Taisto, hiyo ni hotuba.

Breki ya mkono usiivute,
uliandika, ukapigia mstari mara mbili.
Ikivutwa sasa itagandana na gurudumu,
na barafu ikiyeyuka gari litataka kwenda,
gurudumu litakataa.
Nimeiachia.

Mstari wa tisa ni wa panya:
bomba la moshi lizibwe kwa sufu ya chuma.
Sasa sikiliza, maana hili sikukwambia.
Aprili iliyopita nilifungua droo ya dashibodi
nikakuta kiota. Watoto watano, wekundu, vipofu,
kila mmoja hazidi kifuniko cha valvu.
Walikuwa wamelalia karatasi yako.
Mama yao alikuwa ameichana nyembamba,
kabichi ya kachumbari haichanwi hivyo.
Niliona "betri", nikaona nusu ya "usisahau",
nikaona mkia wa jina lako.
Nikaifunga droo polepole, kama mlango wa chumba cha mzazi.
Ulipopiga simu ukauliza mbona halijawashwa,
nilisema ni plagi.

Wiki tatu nilisema ni plagi.

Kwa hiyo karatasi haipo, Urho.
Mikono ilikwisha kuikariri.

Betri nimeibeba kifuani hadi jikoni,
nimeiweka juu ya ubao chini ya benchi, karibu na jiko.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu atakaa hadi Aprili na jembe hatalishika.
Kila Jumapili namlisha umeme.
Huko nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
magogo ya ukuta yanalia kama yanavunjwa vidole,
saa tisa alasiri tayari ni usiku,
nami nimekaa na soksi mbili miguuni
nikingoja kijitaa chekundu kigeuke kijani.
Hugeuka. Huchelewa, lakini hugeuka.

Bado moja, na hili halikuwamo kwenye mistari yako.
Kila Julai huliendesha hadi gati la ziwani,
kilomita arobaini kwenda na kurudi, vioo vyote chini.
Miguu yangu ni mifupi, unajua,
hivyo hukivuta kiti mbele,
na kila vuli, kabla ya kutandaza shuka,
hukirudisha nyuma pale pale,
kwenye mkwaruzo ulioacha wewe.

Mwaka huu nilitandaza shuka.
Kiti nimekiacha kilipo.