Hodi ya Mwanga

Diodi ya kwanza niliiua mwenyewe.
Niliitoa ndani ya DVD ya Nshombo iliyogoma kusoma sahani,
ndogo kama punje ya mtama,
nikaiunga na betri ya pikipiki bila rezista,
haraka haraka, kwa kuwa umeme ulikuwa njiani kukatika
na pasi ya kulehemu bado ilikuwa moto.
Iliwaka nyekundu, nyekundu hasa!
kisha nyekundu ya mgonjwa,
kisha ikawa kitu cha kutupa.
Transfoma ikiungua hunuka, redio ikizidiwa hukoroma.
Diodi ya leza hufa kama mgeni asiyetaka kusumbua:
mnaamka, kitanda kitupu.

Ya pili niliinunua soko la Kadutu.
"Hii nayo utaila lini?" yaya Nsimire akauliza.

Nikaketi. Safari hii nikaanza na kizuizi:
nyekundu, nyekundu, kahawia,
mistari ninayoisoma kuliko ninavyosoma barua.
Halafu kile kidude cheusi chenye miguu minane.
Kapasita inajaa, kapasita inamwagika,
kama jerikani chini ya bomba siku maji yakirudi,
na kila ikijaa transista inafungua mlango,
mwanga unachomoka,
mlango unafungwa.
Kuwaka kidogo. Kupumzika sana.

Risasi, hapa Bukavu, ni neno lenye wenyewe wawili.
Yangu huyeyuka kwenye ncha ya pasi
ikashikanisha waya na waya.
Moshi wake unakereketa koo, basi.

"Kwa nini isiwake tu moja kwa moja?"
Yaya, jua nalo linawaka moja kwa moja,
hata balbu ya Bisimwa.
Jicho lililo ng'ambo litatutambuaje?
Lazima tubishe hodi kwa namna yetu,
na betri ifike asubuhi.

Maana korongo lilishakula choo cha mama mdogo mwezi wa tatu,
likala migomba ya M'Cibalonza mwezi wa tisa,
na ufa nyuma ya jiko huingia vidole viwili.
Mlima hauna ratiba. Huteremka usiku, na mvua,
watu wakiwa wamejifunika hadi puani.
Kwa hiyo leza nikaipigilia kwenye nguzo ya jiko,
jicho, lililotoka katika printa iliyokufa,
nikalifunga ng'ambo, ukutani kwa Bisimwa, kwenye mwamba.
Jiko likisogea, mwanga unakosa shabaha,
kengele inalia.
Watoto nikawaambia: atakayechungulia humo ndani
nitamnyima sambaza wiki nzima.

Siku tatu, kimya.
Kimya kilikuwa ndiyo habari njema,
lakini nani hulala akisikiliza kimya?

Usiku wa nne ikalia.
Mvua ya mawe, giza, sufuria kichwani,
mama mdogo amembeba mjukuu asiye wake,
Nsimire anahesabu watu, anakosea, anaanza upya.
Tukapanda hadi kwenye barabara ya lami, tumelowa kama mbwa,
tukangoja mlima.

Mlima haukuja.
Kulipopambazuka tukaliona: shuka la Bisimwa,
la maua ya njano, limeanuliwa na upepo
likaning'inia kwenye waya, katikati kabisa ya njia ya mwanga.
Nilitukanwa kwa Mashi, kwa Kiswahili,
na kwa Kifaransa cha wale waliofika sekondari.
Bisimwa akacheka peke yake.

Mama mdogo hakutukana. Aliingia nyuma ya jiko,
akatia mkono kwenye ufa.
Vidole vitatu.
Nguzo ilikuwa imesogea, na kifaa changu
kilikuwa bado kinaona ng'ambo, kimeridhika:
tundu la jicho nililiacha pana mno.

Sasa ninakata kopo la maziwa,
nalitoboa kwa msumari mmoja mwembamba.
Nsimire ameshika tochi, hasemi neno.
Juu ya Kahuzi, mawingu yanajipanga.