Filimbi ya Ndahani

Saa kumi na moja, Nkuhungu.
Upepo umeshafuta mistari ya majivu
uliyoichora kwa kopo ulilolitoboa msumari.

Hukulipwa hata senti.
Asubuhi ulivuna zabibu za watu,
jioni ukaja na vidole vinavyonata
kumfungia Chiwanga kamba za viatu,
viatu vyako, ncha zimeshindiliwa magazeti.

Siku tuliyofungwa saba
hukumgombeza kipa.
Ulichuchumaa, ukamuuliza: "Umekula leo?"
Tukanyamaza wote.
Kesho yake ulileta ubuyu na mihogo,
ukasema ni mazoezi ya taya.

Leo Chiwanga ndiye amechora mistari.
Imepinda.
Filimbi yako ameivaa shingoni,
ameishika, hajaipuliza.
Tunamsubiri.
Hata wale wa Chang'ombe, wabishi wale,
wanasubiri.